Safu ya Lugha: Padri, kuhani, shahidi

Padri ni neno la Wareno, maana yake baba. Huitwa hivyo aliyepewa daraja takatifu ya upadri. Kuhani, lililopitia Kiarabu, hutaja kazi yenyewe ya kutoa sadaka. Kuyachanganya ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulitamka kwamba kila mbatizwa hushiriki ukuhani wa Kristo, ingawa si kwa namna ya padri. Mkulima aliyebatizwa si padri, lakini ukuhani wa waamini anao, na wito wa kushuhudia ni wake pia.

Shahidi ni anayethibitisha alichokijua. Aliyeuawa kwa ajili ya imani ni mfiadini, japo Mashahidi wa Uganda wamezoeleka kwa jina la shahidi. Floribert Bwana Chui wa Goma alistahili majina yote mawili. Alikuwa mlei, mkaguzi wa bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili mchele ulioharibika usiingie sokoni, akauawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Alitangazwa mwenyeheri Juni 2025.