Kutoka Tangazo la Kazi hadi Kuthibitishwa: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwombaji wa Ajira Serikalini

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Tangazo la nafasi za kazi Serikalini linapotolewa, waombaji wanaojitokeza huwa wengi kuliko nafasi zilizopo. Miongoni mwao wapo wanaoondolewa katika hatua za awali si kwa sababu hawana elimu au uwezo, bali kwa sababu waliambatisha nyaraka zisizokubalika, majina yao yalitofautiana katika vyeti, au hawakusoma masharti hadi mwisho. Kwa kijana aliyesoma kwa jasho la wazazi wake, kupoteza nafasi kwa sababu ya karatasi ni hasara inayoweza kuepukwa.

Makala haya yanaeleza hatua anazopitia mwombaji wa ajira katika utumishi wa umma, namna ya kujiandaa kwa usaili, na mambo ya kuzingatia baada ya kupata kazi ili ajira hiyo iwe na manufaa kwake na kwa wananchi anaowahudumia.

Chombo kinachosimamia ajira

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilianzishwa kwa mujibu wa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Jukumu lake ni kutafuta na kuwapata watumishi kwa niaba ya waajiri katika utumishi wa umma, kwa kuzingatia sifa na ushindani wa wazi.

Matangazo hutolewa katika tovuti ya Sekretarieti, na maombi hupokelewa kwa njia ya mfumo wa kielektroniki wa ajira unaopatikana kwa anuani ya portal.ajira.go.tz. Maombi yanayowasilishwa nje ya utaratibu ulioelezwa katika tangazo hayafikiriwi. Hivyo, mtu anayedai kuwa anaweza kulipeleka bahasha lake moja kwa moja kwa mhusika anajitangaza mwenyewe kuwa ni tapeli.

Maandalizi ya maombi

Kazi ya kwanza ya mwombaji ni kufungua akaunti katika mfumo na kujaza taarifa zake kwa usahihi, ikiwemo Namba ya Kitambulisho cha Taifa yenye tarakimu 20. Kazi hiyo ifanyike mapema, kabla tangazo halijatoka, kwa kuwa anayeanza kutafuta vyeti siku ya mwisho huwa na nafasi ndogo ya kusahihisha kosa.

Masharti ya jumla yanayojirudia katika matangazo mengi ni haya: mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa walioko kazini Serikalini; aambatishe cheti cha kuzaliwa, vyeti vya elimu na taaluma vilivyothibitishwa na mwanasheria au wakili, na maelezo binafsi yenye anuani, namba ya simu inayopatikana na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Barua ya maombi iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, isainiwe, na ielekezwe kwa Katibu wa Sekretarieti. Waombaji wenye ulemavu wanahamasishwa kuomba na kueleza hali yao katika mfumo.

Eneo linalowaangusha wengi ni vyeti. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, taarifa za matokeo ya muda na barua za kuthibitisha kuhitimu hazikubaliki badala ya vyeti halisi. Waliosoma nje ya nchi wanapaswa kuhakikisha vyeti vyao vimehakikiwa na mamlaka husika: NECTA kwa elimu ya sekondari, NACTVET kwa elimu ya ufundi na TCU kwa elimu ya juu.

Suala la pili ni majina. Mwombaji aliyeandikwa kwa jina moja katika cheti cha kuzaliwa na jingine katika cheti cha kidato cha nne anapaswa kupata mapema hati ya kisheria inayothibitisha kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja. Herufi moja iliyoachwa inaweza kuleta mashaka siku ya uhakiki, na siku hiyo hakuna muda wa kurudi nyumbani. Aidha, kuwasilisha cheti cha kughushi ni kosa linalochukuliwa hatua za kisheria, hata kama litabainika baada ya mhusika kuajiriwa.

Hatua za usaili

Wanaokidhi vigezo huitwa kwenye usaili kwa tangazo linaloonyesha tarehe, muda na mahali. Kwa kawaida usaili huanza na mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha wanaofaulu huitwa kwenye mahojiano. Kwa baadhi ya kada, kama udereva na uandishi waendesha ofisi, huwepo pia usaili wa vitendo.

Msailiwa anapaswa kufika na kitambulisho pamoja na vyeti vyake halisi, kuanzia cheti cha kuzaliwa na kuendelea kulingana na sifa zilizotajwa. Kwa taaluma zinazosimamiwa na mabaraza au bodi, vyeti halisi vya usajili na leseni hai za kufanyia kazi huhitajika. Gharama za usafiri, chakula na malazi ni za msailiwa mwenyewe. Kwa hiyo ni busara kuzitenga mapema.

Kujibu kwa ushahidi

Maandalizi bora ya mahojiano huanza na tangazo lenyewe. Majukumu yaliyoorodheshwa chini ya kila nafasi ndiyo kioo cha maswali yatakayoulizwa.

Chukua mfano wa nafasi ya Mtendaji wa Kijiji. Majukumu yake yanajumuisha kuwa katibu wa mikutano na kamati za Halmashauri ya Kijiji, kusimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao, na kuratibu mipango ya maendeleo. Msailiwa makini atasoma Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, ajue kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kwamba Halmashauri ya Kijiji huwa na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25.

Jopo linaweza kumuuliza angefanya nini iwapo mifugo imeingia katika shamba la mahindi na pande mbili zimeanza kukusanyana. Jibu la kwamba "nitatatua mgogoro kwa hekima" halionyeshi chochote. Jibu lenye uzito hufuata mpangilio: kwanza kuzuia madhara kwa kushirikiana na mgambo na polisi, pili kuwasikiliza wahusika na kuhakikisha uharibifu unatathminiwa na mtaalamu wa kilimo, tatu kuzikutanisha pande hizo kwa suluhu, na pale mgogoro unapohusu mipaka au matumizi ya ardhi, kuupeleka Baraza la Ardhi la Kijiji lililoundwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Mwisho kuandika taarifa kwa ngazi ya kata. Jibu la namna hiyo hulionyesha jopo mtu anayeijua ofisi anayoiomba.

Kwa aliyewahi kufanya kazi, kujitolea au kushiriki mafunzo kwa vitendo, mfano wa kweli una nguvu kuliko sifa za jumla. Aeleze hali ilivyokuwa, alichokifanya yeye mwenyewe, na matokeo yake. Asipojua jibu, ni heri akiri kwa adabu kuliko kubuni, kwa sababu wajumbe wa jopo ni wabobezi wa fani husika.

Kutochaguliwa si mwisho

Msailiwa anaweza kufaulu lakini akakosa nafasi kwa kuwa waliomzidi alama wametosha. Waliofaulu kwa namna hiyo huhifadhiwa katika kanzidata ya Sekretarieti na wanaweza kupangiwa kazi nafasi zinapojitokeza. Ni muhimu kuendelea kufuatilia akaunti na matangazo ya kuitwa kazini, kwa kuwa wapo waliopangiwa kituo bila kujua hadi muda wa kuripoti ukapita.

Ambaye hakuitwa asisite kuomba tena, baada ya kubaini kilichokosekana. Wenye ujuzi walioupata kazini bila kupitia chuo, kama mafundi ujenzi, magari na ushonaji, wanaweza kuomba urasimishaji wa ujuzi kupitia VETA ili watathminiwe na kupata cheti kinachotambulika.

Rushwa na utapeli

Ajira Serikalini haiuzwi. Anayedai fedha ili "kulipitisha jina" anatenda kosa, na anayemtaka mwombaji rushwa ya ngono anakiuka Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007, inayolitaja kosa hilo bayana katika kifungu cha 25. Taarifa zitolewe TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113. Mwombaji pia asimpe mtu mwingine nywila ya akaunti yake.

Baada ya kuajiriwa

Mwajiriwa mpya huanza kwa kipindi cha majaribio kabla ya kuthibitishwa. Utendaji wake hupimwa kwa kazi alizopangiwa na kuzitekeleza kupitia mfumo wa PEPMIS, ulioanza kutumika badala ya OPRAS. Mtumishi anayejaza kazi zake kwa wakati hujiwekea kumbukumbu itakayomtetea anapofika wakati wa kupandishwa cheo.

Kwa anayeajiriwa katika sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe maelezo ya maandishi yanayoonyesha kazi, kituo, saa za kazi na ujira. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28. Sheria hiyo pia inakataza ubaguzi dhidi ya mwombaji kazi kwa misingi kama jinsia, ujauzito, ulemavu au hali ya VVU. Kabla ya kusaini mkataba, mwajiriwa ausome wote na abaki na nakala.

Kazi inayoridhisha haipatikani siku ya kuitwa kazini pekee. Hujengwa na mtumishi anayejifunza taratibu za ofisi yake, anayeomba mwongozo anapokwama, na anayemhudumia mwananchi wa kijiji cha mbali kwa uangalifu uleule aliokuwa nao siku alipokaa mbele ya jopo.