Wapagazi wa Ukambani na Msamaha Ulioombwa Nusu

Katika wiki moja ya Aprili 2021 yalitolewa matamko mawili kuhusu wafu wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 22, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliitumikia Uingereza wakafa bila majina yao kuandikwa katika kumbukumbu zake. Siku mbili baadaye Rais Joe Biden wa Marekani aliyaita mauaji ya Waarmenia mauaji ya kimbari, jambo walilolidai kwa vizazi na ambalo Uturuki inalipinga hadi leo. Tamko la Biden lilienea duniani kote. Lile la Tume, linalozigusa moja kwa moja Kitui na Makueni za Ukambani, Kenya, walikochukuliwa wapagazi, halikuvuma kiasi hicho.

Sidai kwamba mambo haya mawili ni sawa. Serikali ya Kiosmani iliwaandama Waarmenia kwa kuwa ni Waarmenia: tarehe 24 Aprili 1915 ilianza kuwakamata viongozi na wasomi wao Istanbul, kisha ikaua wanaume na kuwaswaga wanawake na watoto hadi jangwa la Shamu. Uingereza haikuazimia kuwafuta Wakamba. Ilitaka migongo yao. Barabara zilikuwa haba, ndorobo iliua wanyama wa mizigo, na jeshi lililokuwa likimwandama Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, lilihitaji watu wa kulibebea chakula na risasi. Sheria ya 1915 iliruhusu wachukuliwe kwa nguvu. Mwaka 1917 kazi hiyo ilikabidhiwa John Ainsworth, aliyelisimamia boma la Machakos katika miaka ya 1890 na kupeleka vikosi dhidi ya Wakamba waliokataa utawala wake. Makueni ya leo ilikuwa chini ya Machakos. Machifu walipewa idadi ya kutimiza, na vijana wakasombwa.

Wengi wao hawakuuawa na Mjerumani. Unga wa mahindi usioiva vizuri njiani, mvua, malaria na zaidi ya yote kuhara damu ndivyo vilivyowamaliza. Taarifa za vifo ziliwafikia watawala mwaka 1916, na mwaka uliofuata wakachukua watu wengi zaidi. Mtu anayeendelea kupeleka wenzake mahali anapojua wanakufa kwa maelfu hawezi kuviita vifo hivyo ajali, hata kama hakuvikusudia.

Uturuki inakana kwa maneno. Wakoloni walikana kwa kutoandika. Sanamu iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928 inamwonyesha mpagazi kando ya askari, lakini haina jina la mpagazi hata mmoja. Sababu zilitolewa bila haya. Mwaka 1923 Gordon Guggisberg, gavana wa Gold Coast (Ghana ya leo), aliieleza Tume kwamba mwenyeji wa kawaida asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi, na maofisa wa Afrika Mashariki walikuwa na mawazo hayo hayo.

Jibu lilitoka Kitui. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, alieleza katika African Religions and Philosophy (1969) kwamba aliyefariki huendelea kuwa miongoni mwa jamaa zake maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, marehemu huingia katika kundi la mizimu isiyotajwa. Hakuna mahali ambapo jina la mfu lina uzito kuliko katika imani hii, na ndiyo imani ya watu walioambiwa hawajali makaburi. Wakamba humpa mtoto jina la babu yake; kijana aliyefia Tanganyika kabla ya kuoa hakuacha mjukuu wa kulibeba lake.

Serikali yetu ya Kenya nayo haijasaidia. Sheria ya 2008 iliyounda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliweka mwanzo wa uchunguzi kuwa tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru, na hivyo kuwaacha wapagazi nje. Wahanga wa mateso ya wakoloni wakati wa Mau Mau walipata njia nyingine: kesi iliyofunguliwa London na Ndiku Mutua, Paulo Nzili na wenzao iliifanya Uingereza mwaka 2013 ieleze majuto na kukubali kuwalipa watu 5,228. Walifanikiwa kwa sababu wengi wao walikuwa hai na makovu yao yalionekana. Mpagazi hana shahidi wa namna hiyo. Kilichobaki ni simulizi za wazee, na serikali za kaunti za Kitui na Makueni zinaweza kuanza kuzikusanya sasa, kijiji kwa kijiji na ukoo kwa ukoo, zikilinganishwa na nyaraka za jeshi, ili ipatikane orodha ya majina.

Hata hivyo orodha peke yake haitoshi. Ben Wallace, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, aliposimama bungeni London tarehe 22 Aprili 2021, aliomba radhi kwa kuwa wafu hawa hawakukumbukwa ipasavyo. Hakuomba radhi kwa jinsi walivyokufa. Uandikishaji wa nguvu wa 1917 na chakula kilichowaua havikuombewa radhi, na hayo ndiyo mambo ambayo Ukambani inapaswa kudai yatamkwe katika bunge lile lile.