Anko alijenga, mwenye ploti akakataa kulipa

Wacha niwaambie kitu ambacho sikukijua hadi anko wangu alipoliwa pesa. Ni fundi mzuri, hakuna mtu mtaani anaweza kubisha. Alipewa kazi ya nyumba ya orofa mbili, wakaandikiana mkataba, akaita vijana, wengine mabeshte zangu kabisa. Kufika slabu ya mwisho, mwenye ploti akagoma kulipa. Anko akasema anaenda kortini. Wakili alimuuliza swali moja tu: "Mzee, umesajiliwa na NCA?" Anko akanyamaza.

Zamani hakuna mtu angemuuliza hivyo. Wizara ilikuwa na orodha ya wakandarasi wa kazi za serikali, lakini kwa mjengo wa mtu binafsi, ukiwa na toroli na maneno matamu, wewe ni mkandarasi. Majengo nayo yakawa yanaangukia watu. 1996 ilikuwa supamaketi ya Sunbeam, hapa hapa Nairobi. Januari 2006 ikawa Nyamakima: jengo la orofa tano ambalo hata halikuwa limeisha liliporomoka na kufunika mafundi wakiwa kazini. Mwaka wa 2011 Bunge likapitisha sheria iliyoanzisha NCA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Kulingana na sheria hiyo, ukifanya ukandarasi bila kusajiliwa, faini inaweza kufika shilingi milioni 1, ama jela miaka 3, ama zote mbili. Kuna madaraja 8, na kila daraja lina ukubwa wake wa kazi. La 1 tu ndilo halina kikomo.

Watu huogopa hiyo faini. Mimi naona hatari kubwa ni ile iliyompata anko. Korti zetu zilirithi kanuni ya zamani kutoka Uingereza: haziwezi kumsaidia mtu ambaye dai lake limesimama juu ya kosa lake mwenyewe. Kwa hivyo mwenye ploti anaweza kujitetea tu kwamba hukuwa na leseni, na wewe uliyebeba simiti ubaki ukitazama nyumba yake. Na huyu, naamini alijua tangu siku ya kwanza. Bei ya anko ilikuwa chini kwa sababu.

Najua mtaniuliza, na Huruma je? Ni kweli. Tarehe 29 Aprili 2016, NCA ikiwa tayari iko, jengo la orofa sita lilianguka usiku wa mvua, wakafa watu takriban 50. Lilikuwa limeshawekwa alama ya kubomolewa. Leseni haishikilii nguzo, sijasema hivyo. Lakini jengo likianguka, wa kwanza kutafutwa ni fundi asiye na karatasi.

Anko aliuza pikipiki yake ili alipe vijana. Beshte yangu mmoja bado anamdai elfu nne, na siku hizi wakipatana stejini hawasalimiani.