Mwarobaini katika mji wa Kolwezi: mti wa jua kali unaoanza na maji

Kolwezi haiko jangwani. Mvua inanyesha sana, ila ikishakata mwezi wa 5, watu wanangoja mpaka mwezi wa 9 au wa 10. Katika miezi hiyo vumbi la malori linaingia hadi ndani ya nyumba, na miti ya pori pembeni ya mji imekatwa sana juu ya makala. Kivuli katika parseli za Dilala na Manika kinabaki kazi ya wenye parseli wenyewe.

Mti mmoja unaofaa ni mwarobaini, wengine wanauita nimu. Asili yake ni India na Myanmar. Mizizi yake inashuka chini sana kutafuta maji, ndiyo maana unapatikana katika barabara za Niamey, na karibu na Maka, kwenye uwanda wa Arafa, ilipandwa 50,000 hivi ili mahujaji wapate kivuli.

Lakini mti mkubwa ndio unaovumilia ukame; mche hauwezi. Ukipandwa wakati wa mvua kisha ukaachwa, mwezi wa 8 unakuwa kijiti kikavu. Kwa hiyo kiangazi cha kwanza ndicho kinachoamua.

Namna ya kufanya:

- Panda mvua inapoanza kushika, mwezi wa 11. Mbegu ziwe mbichi, maana zinakufa upesi zikikaa.
- Chimba shimo la sentimita 50, uchanganye udongo mzuri na mboleo ya ng'ombe au mbuzi iliyooza.
- Epuka mahali maji yanapotuama, mizizi inaoza.
- Acha mita 5 au zaidi toka ukuta na fosi.
- Kiangazi cha kwanza, mwagia lita 10 hivi mara mbili kwa wiki. Maji ya kuoshea mboga yanatosha. Funika chini kwa majani makavu.
- Zungushia miti au matofali, mbuzi wasifike.

Kolwezi iko juu, karibu mita 1,400, na baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 inachelewesha mche. Usidhani umekufa: kwaruza gome kidogo, ukiona kijani endelea kumwagia.

Jambo la mwisho: majani ya mti ulio kando ya barabara ya malori yasichemshwe kuwa dawa, yamebeba vumbi la madini. Na mafuta ya mbegu zake yasinyweshwe mtoto, yanaweza kumuua.