Kiribatumbo: Mfuko Usionyamaza

Mwenye kitambi huitwa bosi hata na konda asiyemjua. Neno hilo lina utani na sifa ndani yake, kwa hiyo kwenye chumba cha daktari halifai. Wataalamu wa lishe Tanzania husema kiribatumbo: hali ya mwili kulimbikiza mafuta kupita kiasi. Mtu mzima huhesabiwa kuwa nacho pale kilo zake, zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita, zinapofika 30. Mwenye mita 1.70 huufikia mpaka huo akiwa na takriban kilo 87.

Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Kiweke tumboni, na picha inajichora yenyewe. Tena ina ukweli, kwani mafuta yaliyojificha tumboni, yakizunguka ini na utumbo, hudhuru kuliko ya mapajani. Ndiyo maana utepe wa kupimia kiuno hufichua jambo ambalo mizani hailioni.

Ila neno hili linaonyesha mahali, halionyeshi kazi. Kiriba hupokea maji na kukaa kimya, lakini tishu ya mafuta husema. Mwaka 1994, maabara ya Jeffrey Friedman jijini New York ilitambua jeni ya leptini, homoni ambayo seli za mafuta hutoa kuuarifu ubongo akiba ni kiasi gani. Chips, soda na maandazi vikizidi mahitaji ya mwili siku hadi siku, seli hizo hutuna mpaka oksijeni inazifikia kwa shida. Baadhi hufa, seli za kinga hukusanyika, na kemikali za kuchochea uvimbe huingia kwenye damu. Wakati huohuo adiponektini, homoni inayolinda mishipa, hupungua.

Moyo hupokea ujumbe huo wote, na juu yake mzigo mwingine: mwili mkubwa hudai damu nyingi. Shinikizo la damu hupanda, chumba cha kushoto cha moyo hutanuka, kuta zake zikawa nene. Ukuta mnene haulegei upesi, na moyo usiolegea haupokei damu ipasavyo. Kiriba cha tumboni kinajaa, kile cha kifuani kinashindwa kujaa.