Redio ya Kijiji na Simu ya Darasani

Makundi ya WhatsApp ambamo wanachuo wa Mkwawa mjini Iringa au wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wanapeana maswali na muhtasari wa masomo yanaonekana kama jambo jipya kabisa. Hayana upya huo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima kando ya redio kwa wiki 12. Redio yenyewe haikuachiwa kazi yote. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu cha kusomea. Matangazo yakiisha, watu walijadili waliyoyasikia, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kuchemsha maji, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Miaka 10 baadaye njia hiyo ilionekana tena Iringa kwenyewe, pale mpango wa lishe wa serikali, UNICEF na WHO ulipoanza katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito, na matokeo yakawa mada ya wazazi na kamati za kijiji, waliotafuta wenyewe chanzo cha utapiamlo na dawa yake. Naamini kilichofundisha katika kampeni zote mbili ni mjadala wenye msimamizi. Redio na mizani viliupa mjadala huo mahali pa kuanzia.

Wapo wanaosema simu si redio, kwa kuwa mtandaoni mna uzushi, picha chafu na majibu ya kunakili, tena si kila mwanafunzi ana simujanja au pesa ya bando. Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwa watoto wa sekondari, ambao shule zao zinawakataza kuwa na simu. Ila uhaba wa vifaa ulikuwapo hata 1973, na jibu lake lilikuwa kusikiliza pamoja. Simu moja ya mwalimu yaweza kulihudumia darasa vivyo hivyo. Uzushi nao hauzuiliki kwa marufuku pekee, kwa sababu mwanafunzi huyo huyo atakutana nao likizoni bila mtu wa kumuuliza. Kundi lisilo na msimamizi litabaki la porojo, na hapo wakosoaji wana haki. Basi Mkwawa, Klerruu na Mpuguso, vyuo vinavyotuandalia walimu, viwafundishe kuongoza mjadala wa mtandaoni kabla hatujanunua kishikwambi kimoja zaidi.