Kwa Mwendo wa Gurudumu: Baisikeli katika Njia za Vijiji Kuzunguka Kihesa

Utangulizi

Anayesimama kando ya barabara ya Dodoma pale Kihesa asubuhi na mapema huona vijiji vikiingia mjini juu ya magurudumu mawili. Hupita magunia ya mkaa, viazi na mahindi, na msimu wa mvua ukifika hupita pia madumu ya ulanzi, yamefungwa kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka katika tyubu kuukuu. Kwa miaka mingi, katika njia hizohizo na kwa chombo hichohicho, mwinjilisti alikwenda upande wa pili: alitoka alfajiri akielekea vijijini, mkoba wa Biblia na kitabu cha nyimbo ukiwa umefungwa nyuma kwenye keria.

Katika kuadhimisha miaka 100 ya usharika ni desturi kukumbuka majengo yaliyowekwa wakfu na watumishi waliotangulia. Hilo ni jambo jema. Lakini Neno halikufika vijijini kwa majengo. Lilifika kwa miguu, kisha kwa baisikeli, na namna lilivyofika imeacha alama katika tabia ya Kanisa hili. Ndiyo maana inafaa baisikeli nayo ipewe kurasa chache.

Njia kabla ya gurudumu

Mji wa Iringa umekaa juu ya mgongo wa kilima, na chini yake unapita mto Ruaha Mdogo. Kutoka huko njia zinashuka kuelekea pande zote, na karibu kila moja inapita mahali penye historia nzito. Takriban kilomita 25 kwa upande wa Morogoro ipo Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Kijerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski. Upande wa magharibi, yapata kilomita 15, ipo Kalenga, makao makuu ya Mkwawa yaliyozungushiwa ngome, ambayo Wajerumani waliiteka mwezi Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupambana hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898 badala ya kukamatwa.

Mwaka huohuo wa Lugalo, 1891, wamisionari wa Misioni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky waliwasili kaskazini mwa Ziwa Nyasa na kuanza kazi katika nchi ya Wanyakyusa. Kazi hiyo ilienea Ubena na Uhehe, na kituo cha Pommerini, chenye jina la jimbo la Pommern la Ujerumani, ni ukumbusho wa wakati huo. Haifai kuficha kwamba katika Uhehe Injili ilipita katika njia ambazo zilikuwa zimepitiwa na askari muda mfupi tu kabla yake. Kwa wenyeji wengi mgeni mwenye Biblia na mgeni mwenye bunduki walitoka katika nchi moja. Kuwatofautisha hao wawili hakukuwezekana kwa hotuba ya siku moja. Kulihitaji mtu wa kurudi mara kwa mara, mikono mitupu, akae na watu.

Mtu huyo, mara nyingi zaidi, alikuwa mwalimu au mwinjilisti Mwafrika. Waingereza walipoiteka Iringa mwaka 1916 na wamisionari wa Kijerumani kuondolewa, sharika zilibaki mikononi mwa wenyeji. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 hali hiyo ilijirudia. Mara zote mbili Kanisa halikufa, kwa sababu waliokuwa wakitembea kati ya vijiji hawakuwa wageni.

Baisikeli yafika

Chanzo cha baisikeli ni Ujerumani, ambako mwaka 1817 Karl Drais alipanda chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kilichosukumwa kwa miguu juu ya ardhi. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitengeneza baisikeli yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaongeza tairi la kujazwa upepo. Katika nyanda hizi baisikeli ilienea wakati wa utawala wa Waingereza, kwanza mikononi mwa makarani, walimu, wafanyabiashara na watumishi wa Kanisa.

Ilikuwa baisikeli nyeusi na nzito, yenye breki za vyuma na pampu iliyopachikwa kwenye fremu. Raleigh kutoka Uingereza ilijulikana sana, na baadaye ikaja Phoenix kutoka China. Kwa mwinjilisti bei yake ilikuwa akiba ya muda mrefu, wala haikununuliwa kwa pupa. Haikuwa na gia. Kwa hiyo safari ya nyanda za juu ilikuwa na kanuni yake: kupanda mlima unashuka na kusukuma, kuteremka unaomba breki zishike. Wakati wa masika udongo mwekundu wa Kilolo ulijaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo chombo kilimpanda mwenyewe, kikabebwa begani.

Mwendo wa kusalimiana

Tazama safari moja ya kawaida, ya kutoka Kihesa kwenda Kalenga. Mwendeshaji anauvuka mji, anateremka magharibi, na baada ya nyumba za mwisho sauti ya magari inapungua. Kunabaki mashamba ya mahindi, ng'ombe njiani, moshi wa jikoni, na bonde la Ruaha Mdogo. Kalenga lipo jumba la makumbusho lenye fuvu la Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe, lakini lilirejeshwa mwaka 1954 na Gavana Edward Twining. Ng'ambo ya bonde ipo Tosamaganga, misioni kongwe ya ndugu Wakatoliki. Akishika barabara ya Mbeya badala yake, baada ya kilomita kama 20 anafika Isimila, ambako zana za mawe za binadamu wa kale sana zimetapakaa korongoni.

Katika njia hizo mwenye baisikeli hakupita bila kuonekana. Mwendo wake ulimruhusu kusikia "Kamwene" kutoka uani na kuijibu kabla hajaupita mji wa watu. Mgonjwa alitajwa njiani, msiba ulitajwa njiani, na mara nyingi mwinjilisti aliyekusudia kijiji kimoja alijikuta amehudumu katika vitatu. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, Filipo alilikimbilia gari la Mwethiopia akamsikia akisoma. Aliweza kusikia kwa kuwa alikuwa karibu, na kwa mwendo ambao sikio linaweza kuufuata. Baisikeli iliupa utumishi wa vijijini mwendo wa namna hiyo. Ilifupisha safari ya siku nzima ikawa ya asubuhi moja, lakini haikumwondoa msafiri miongoni mwa watu.

Waliobaki wakitembea

Ukweli mwingine usemwe. Baisikeli ilikuwa ya wanaume. Katika vijiji vingi mwanamke kupanda baisikeli kulionekana si adabu, na fedha ya kununulia ilikuwa mkononi mwa mume. Mke wa mwinjilisti alilima shamba lililolisha nyumba wakati mumewe yuko safarini, akapokea wageni wasiotarajiwa, na siku ya ibada ya mbali alikwenda kwa miguu, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Akina mama waliosomba mchanga, maji na mawe ya kujengea makanisa hawakuwa na keria. Kama historia inaisifu baisikeli na kuwasahau wao, imehesabu nusu ya safari.

Miaka ya uhaba na miaka ya pikipiki

Baada ya vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 nchi iliingia katika uhaba mkubwa. Tairi, tyubu na spoki vilikuwa adimu, hata kwa baisikeli za Swala zilizotengenezwa hapa nchini. Watu walitia kiraka juu ya kiraka, na tyubu iliposhindikana walijaza nyasi ndani ya tairi wakaendelea. Mafundi wa baisikeli chini ya miti waliokoa safari nyingi za Kanisa pasipo majina yao kuandikwa katika taarifa yoyote.

Tangu miaka ya 2000 pikipiki zimeingia kwa wingi. Zimeleta neema ya kweli: mama mwenye uchungu hufikishwa hospitali, na mchungaji mwenye mitaa mingi huweza kushiriki Meza ya Bwana na waumini wa mitaa miwili kwa Jumapili moja. Hakuna aliyewahi kusukuma baisikeli katika vilima vya Kilolo atakayeibeza. Hata hivyo kofia ngumu huziba masikio, na vumbi la pikipiki humfunika anayesalimia. Mtumishi hufika kwa wakati, huhubiri, huondoka kwa wakati. Nyumba zilizo katikati ya safari zimegeuka kuwa mahali pa kupita tu, na wenyewe wanalijua hilo.

Hitimisho

Usharika hauwezi kurudi nyuma, wala haifai kuwadai watumishi wa leo mateso ya jana. Kinachowezekana ni kutunza kile ambacho baisikeli ilikilinda bila kukusudia. Mtumishi apange safari yenye nafasi ya kusimama. Wazee wa Kanisa waulizwe ni nyumba zipi zimepitwa mwaka huu. Baisikeli kuukuu zilizobaki ghalani zisiuzwe kwa bei ya chuma chakavu kabla vijana hawajasimuliwa zilikokwenda. Tena kumbukumbu za akina mama waliotembea ziandikwe wakati wenyewe wangali hai.

Mungu aliyewaongoza waliotangulia katika njia za Kalenga, Lugalo na Pommerini awape wanaofuata vyombo vyenye kasi, na moyo wa kusimama pale wanapoitwa.